Gari lako linakula wapi? Umeme, haibridi na yale "yanayojichaji"

Ubishi ulianza kwa utani kwenye kijiwe cha kahawa. Jamaa mmoja amenunua Nissan Note yenye maandishi "e-POWER" nyuma, na kila anayemuuliza humjibu kuwa ameachana na mafuta, siku hizi anatembelea umeme. Mzee mmoja akanywa kahawa yake taratibu, akatua kikombe, akauliza: "Mwanangu, sasa juzi pale sheli ulikuwa unafuata nini?"

Kilichofuata ni nusu saa ya kelele. Mmoja akasema gari la umeme likinyeshewa na mvua linaua. Mwingine akasema betri yake hufa baada ya miaka mitatu kama ya simu, na mpya ni bei ya gari zima. Wa tatu ana ndugu Nairobi ambaye gari lake hujichaji lenyewe likiteremka mlima, kwa hiyo hajui hata bei ya umeme. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika ya jambo moja: tunabishana kwa sababu neno "gari la umeme" tunalibandika kwenye vitu vitatu tofauti.

Ukiongeza gari la kawaida la mafuta, aina zote ni nne, na zinaeleweka kwa swali dogo: gari hilo linakula wapi? Yaani nishati inaingilia mlango gani, mdomo wa tangi au plagi?

La kwanza ni gari tulilolizoea, linakula sheli na injini ndiyo inayosukuma magurudumu. La pili ni haibridi. Toyota Prius iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997 ndiyo iliyofungua njia, na leo Aqua, Harrier za haibridi na Crown zimejaa barabarani. Haibridi ina injini, ina mota ya umeme, na ina betri ndogo. Lakini mlango wa kula ni mmoja tu, tangi la petroli. Umeme wote uliomo humo umezaliwa na petroli, ama injini iliuzalisha, ama ulivunwa wakati gari linapunguza mwendo. Haina pa kuchomeka waya.

Hapa ndipo ilipo Note ya yule jamaa, nayo ni haibridi ya aina yake. Magurudumu yake yanazungushwa na mota ya umeme peke yake, injini haiyagusi kabisa. Injini ya petroli iliyomo kazi yake ni moja, kuzungusha jenereta. Kwa hiyo jamaa hakudanganya aliposema anaendeshwa na umeme, na mzee hakukosea kumkuta sheli. Ni sawa na duka linalowasha taa kwa jenereta: taa ni za umeme, lakini mwenye duka bado anabeba dumu.

La tatu ni haibridi ya kuchomeka, kama Mitsubishi Outlander PHEV. Hii ina milango miwili. Unaichaji nyumbani, inakwenda kilomita kadhaa za mjini kwa umeme mtupu, betri ikiisha injini inashika kazi. La nne ndilo gari la umeme hasa. Halina injini, halina tangi, halina bomba la moshi, mlango wake ni plagi tu. Nissan Leaf, iliyoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2010, ndiyo tunayoiona zaidi kati ya magari yaliyotumika Japani. Nitaitumia sana kama mfano, na kuanzia hapa nikisema gari la umeme namaanisha hili la nne.

Yuniti, ndoo na bomba

Anayetumia LUKU tayari anajua kipimo kikuu cha magari haya, ila hajaambiwa. Yuniti moja ya LUKU ndiyo kilowati-saa moja. Wakenya wanaonunua tokeni, yuniti zao nazo ni hizo hizo. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme saa nzima bila kupumzika, imekula yuniti moja.

Basi tangazo likisema Leaf ina betri ya kilowati-saa 40, soma: ndani ya gari hili kuna nafasi ya kuweka yuniti 40. Zile za mwanzo zilikuwa za yuniti 24, zikafuata za 30, kisha za 40 mwaka 2017, na za 62 mwaka 2019. Muuzaji akikuambia "Leaf" bila kutaja namba hiyo, amekuuzia ndoo bila kukwambia ni ya lita ngapi.

Wengi wanachanganya kilowati na kilowati-saa. Kilowati-saa ni ujazo wa ndoo. Kilowati ni kasi ya bomba. Chaja ya kilowati 7 haina uhusiano na ukubwa wa betri, inaeleza maji yanatoka kwa nguvu gani. Ndoo ya yuniti 40 chini ya bomba la kilowati 2 itachukua saa 20, na chini ya bomba la kilowati 7 chini ya saa saba. Hesabu ni ya darasa la nne, ila wauzaji wengi wanaivuruga, sijui kwa kutokujua au kwa kujua sana.

Sasa linganisha na petroli. Lita moja ya petroli imebeba nishati ya karibu yuniti tisa. Maana yake betri nzima ya Leaf ya 40, ile inayobeba uzito wa watu wanne chini ya viti, ina nishati ya lita nne na nusu hivi. Galoni moja ya mafuta ya kupikia ingeibeba yote. Ila gari hilo, likiwa jipya, linakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa "lita" hizo. Kwa nini?

Kwa sababu injini ya petroli ni mlafi anayetema. Gusa boneti ya gari lililotoka safari: joto lile ni pesa yako. Kati ya kila shilingi kumi za petroli, saba hivi au zaidi zinatoka kama joto kwenye rejeta na bomba la moshi, na kilichobaki ndicho kinachosukuma gari. Mota ya umeme inapoteza kama shilingi moja tu. Siri ya unafuu wa gari la umeme iko hapo hasa, kwamba linakula kidogo sana, hata kabla hujauliza bei ya umeme.

Tufanye hesabu ya Dar. Gari la umeme la ukubwa wa Leaf linakula kama yuniti 16 kwa kilomita 100. Ongeza mbili zinazopotea wakati wa kuchaji, ni 18. Yuniti ya matumizi ya kawaida, ukijumlisha kodi, ni karibu shilingi 350, kwa hiyo kilomita 100 ni shilingi 6,300. Gari dogo la petroli linalokula lita saba kwa umbali huo, tuseme lita ni shilingi 2,900, linameza 20,300. Wale wa kundi la bei ya chini, wanaotumia chini ya yuniti 75 kwa mwezi, wasipige hesabu ya shilingi 100 kwa yuniti. Ukitembea kilomita 40 kwa siku, gari peke yake litakula yuniti 200 na ushei kwa mwezi, na kundi hilo utakuwa umeliaga. Kenya wamekwenda njia nyingine: mwaka 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, iliweka bei maalumu kwa vyombo vya umeme, shilingi 16 za Kenya kwa yuniti na 8 kwa saa za usiku, kabla ya tozo na kodi.

Kilomita 400 au 243?

Leaf hiyo hiyo ya yuniti 40 ilitangazwa Japani kuwa inakwenda kilomita 400. Marekani ikaandikwa maili 151, yaani kilomita 243. Gari ni lile lile. Kilichotofautiana ni mtihani. Kipimo cha zamani cha Japani kilikuwa cha huruma mno, mwendo wa polepole na breki za kistaarabu. Cha Marekani kinafanana zaidi na maisha ya mtu mwenye haraka. Magari yetu mengi yanatoka Japani, na tangazo linatafsiriwa kama lilivyo, kwa hiyo ile 400 inasafiri na meli hadi bandarini na kuingia kwenye status ya muuzaji bila kuguswa. Mimi huichukulia kama bei ya kwanza ya Kariakoo, yaani pa kuanzia mazungumzo.

Foleni, ambayo ni adui wa gari la petroli, kwa gari la umeme haina neno sana. Likisimama, mota haizunguki, hakuna kinacholiwa isipokuwa taa, redio na AC. AC ikishatuliza joto inaweza kula kama yuniti moja kwa saa, ambazo ni kilomita sita za safari. Kinachomaliza betri kwa kweli ni mwendo mkali. Ukitoka mjini ukashika barabara kuu kwa kilomita 110 kwa saa, utaona namba ya dashibodi ikishuka kwa kasi kuliko nguzo za kilomita zinavyopita. Upinzani wa upepo unakua haraka kuliko mwendo wenyewe, na gari la petroli nalo linauumia, ila kwa sababu linapoteza nishati kila mahali hatukuwahi kuona tofauti.

Kuchaji

Kuna kuchaji kwa aina mbili. Cha nyumbani, ambacho gari linapokea umeme wa kawaida na kuugeuza lenyewe polepole. Na cha haraka, ambacho mashine kubwa ya nje imeshaugeuza umeme na inausukuma moja kwa moja kwenye betri, kilowati 50 au zaidi. Cha pili ndicho kinachopigiwa picha. Cha kwanza ndicho wamiliki wengi wanachoishi nacho, gari likiwa limelala.

Soketi ya ukutani ya kawaida, kwa usalama, itakupa kama kilowati mbili na kitu. Kwa mtu wa kilomita 40 kwa siku hiyo inatosha na kubaki: anahitaji yuniti saba, ni saa tatu hadi nne. Watu husikia "saa 18 kujaa" wakaogopa, kana kwamba kila jioni gari linarudi likiwa tupu. Nani hujaza tangi la petroli kila jioni?

Tahadhari ni ya waya. Birika la umeme linavuta umeme mwingi kwa dakika tano kisha linazima. Gari linavuta umeme mwingi usiku kucha. Soketi iliyolegea, ekstensheni ya bei ya kutupa, nyumba iliyofungwa waya mwembamba na isiyo na ethi, vyote vinavyovumilia birika, vitapata moto na gari. Kabla ya kununua gari, lipa fundi umeme mwenye leseni aje aangalie soketi na ethi, na ikiwezekana avute waya wa gari tu kutoka kwenye breka.

Kwa kuchaji haraka kuna kero ya midomo. Wajapani wana yao iitwayo CHAdeMO, Ulaya wana CCS, China wana GB/T, na haziingiliani. (Jina CHAdeMO lina mchezo wa maneno ndani yake, kwa Kijapani linasikika kama "vipi kuhusu chai?", maana gari likichaji una muda wa kunywa kikombe. Na hiyo "cha" yao ni ndugu wa damu wa chai yetu.) Sasa hivi yanaingia magari mengi ya Kichina yaliyotengenezwa kwa soko la huko huko: mazuri, mapya, bei nafuu, mdomo GB/T na dashibodi inayozungumza Kichina kuanzia redio hadi onyo la breki. Kabla ya kulipa, uliza chaja za mji wako zina mdomo gani, na kama fundi anaweza kulibadilisha lugha.

Mbona kuchaji haraka kunaishia asilimia 80? Hili linasumbua wengi wanaodhani mashine imeharibika. Fikiria daladala kituoni. Abiria wa kwanza wanapanda mbio na kukaa. Wa mwisho wanapenyezwa mmoja mmoja, konda anaomba wasogee nyuma, na hao kumi wa mwisho wanachukua muda kuliko ishirini wa kwanza. Ndani ya betri kuna msongamano wa namna hiyo, na kompyuta ya gari inapunguza kasi makusudi ili betri isiumie. Mtu wa safari huchomoa kwenye 80 akaondoka.

Betri inazeeka vipi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa zinapopotelea.

Hofu ya betri kufa kama ya simu ina mantiki, ila hesabu zake zinatofautiana. Simu unaimaliza na kuijaza kila siku. Gari la yuniti 40 linalotumia saba kwa siku linakamilisha mzunguko mmoja mzima kwa siku tano au sita. Mizunguko elfu moja ya simu ni kama miaka mitatu. Mizunguko elfu moja ya gari hilo ni kilomita laki mbili na zaidi. Watengenezaji wenyewe kwa kawaida hutoa dhamana ya miaka minane au kilomita 160,000 kwa betri, na hakuna mfanyabiashara anayetoa dhamana ya miaka minane kwa kitu anachojua kitakufa mwaka wa tatu.

Ila dhamana hiyo haipandi meli. Gari lililotumika Japani likishafika kwetu, betri ni yako na Mungu wako. Na betri huzeeka kwa mambo mawili, matumizi na muda, huku joto likiyaharakisha yote mawili. Magari mengi ya umeme ya leo yana kimiminika kinachozunguka kupoza betri. Leaf hii ya mtumba tunayoizungumzia haina. Betri yake inategemea hewa inayopita. Huko ilikotoka kuna baridi ya miezi kadhaa, na kwetu Dar au Mombasa ni jua la mwaka mzima, gari limeegeshwa kwenye lami kuanzia saa mbili asubuhi. Kwa hiyo anayekuambia Leaf ya Pwani itazeeka sawa na Leaf ya Arusha au ya Limuru, usimwamini. Egesha kivulini, usiliache limejaa asilimia mia kwa siku nyingi, wala usiliache tupu.

Kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi, ambazo sisi wanunuzi wa magari ya mtumba tunaziabudu, hapa zinasema nusu ya habari. Kwenye gari la umeme angalia afya ya betri. Leaf inaionyesha kwa vijiti 12 pembeni ya kipimo cha chaji, na wanunuzi wamejifunza kuuliza, "Ina vijiti vingapi?" Swali zuri, lakini lina tundu. Kijiti cha kwanza hakianguki mpaka betri iwe imepoteza karibu asilimia 15. Baada ya hapo kila kijiti ni asilimia sita na kidogo. Kwa hiyo gari lenye vijiti 12 kamili linaweza kuwa na betri ya asilimia 99 au ya 86, na muuzaji atakupigia picha ile ile.

Shemeji yangu aliingia kwenye tundu hilo. Muuzaji, ambaye simtaji, alimwonyesha vijiti 12 na bei ya ndugu. Wiki ya kwanza tukachomeka kile kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, kinachoingia chini ya usukani na kuongea na simu kwa Bluetooth, tukafungua programu ya Leaf Spy: asilimia 86 na nukta. Mwezi wa tatu kijiti kikaanguka. Gari linakwenda kazini na kurudi bila tatizo hadi leo, ila alilipa bei ya 99.

Kifaa hicho kidogo ndicho pekee cha kuchomeka chini ya usukani ninachokipendekeza, na si ghali. Msikichanganye na ndugu yake wa bandia, kile chenye taa za kijani kinachouzwa kwenye vibanda kwa ahadi ya kupunguza ulaji wa mafuta. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa vya kuokoa mafuta zaidi ya mia moja kwa miaka, na vilivyoleta unafuu wowote ni vya kuhesabu.

Neno moja kuhusu kilichomo ndani ya betri. Aina moja hutumia nikeli na kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, kama asilimia 70 ya inayochimbwa, inatoka Kongo, maeneo ya Kolwezi na Lubumbashi ambako wachimbaji wanaitana kwa Kiswahili. Aina ya pili hutumia chuma na fosfati, haina kobalti kabisa. Inabeba nishati kidogo kwa uzito ule ule, lakini ni nafuu, inavumilia mizunguko mingi na haishiki moto kirahisi. Magari mengi mapya ya Kichina na vyombo vya magurudumu mawili na matatu vinahamia huko. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, kwa joto letu mimi ningechagua ya pili.

Yale ya kijiweni

Kwamba likinyeshewa linaua. Betri imefungwa ndani ya sanduku lisilopitisha maji, na mfumo wa umeme mkubwa hukatwa wenyewe ukigundua umeme unavuja. Mvua, dimbwi, kuoshwa, hata kuchaji mvua ikinyesha, havina shida mradi vifaa ni vya kweli. Mafuriko ni habari nyingine. Gari lililozama kwenye maji, hasa ya chumvi, usiliwashe na usilichaji, liegeshwe mbali na nyumba mpaka fundi anayelijua aje. Betri iliyoingiwa na maji inaweza kushika moto siku kadhaa baadaye, na moto wa betri ni mgumu kuzima. Magari ya petroli nayo huungua, tena sana, ila tumeshayazoea hatuyapigi video.

Kwamba linajichaji. Ukiachia pedali, mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Inasaidia kweli, na pedi za breki zinadumu. Lakini hiyo ni chenji, haiwezi kuwa mshahara. Kutoka Mombo kupanda Lushoto unapanda kama mita 1,000. Kwa gari la tani moja na nusu lenye watu, kupanda tu kimo hicho kunakula kama yuniti nne na nusu, mbali na mwendo wa kawaida. Ukiteremka, ukirudishiwa tatu ushukuru. Na ukijaza betri kamili ukiwa juu Lushoto kabla ya kuteremka, hurudishiwi kitu, maana ndoo imejaa. Breki za kawaida ndizo zitakazobeba mteremko wote. Mwenye haibridi anapoambiwa gari lake "linajichaji", kinachomaanishwa ni kwamba petroli yake inalichaji.

Kwamba mgao ukija umekwama. Hili lina uzito, ila sheli nazo pampu zake zinaendeshwa na umeme. Tofauti ni kwamba sheli ina jenereta na wewe huna. Mtu anayechaji kidogo kidogo kila usiku huwa na akiba ya siku tatu nne, na hapo mgao wa saa kadhaa haumgusi. Anayesubiri ifike asilimia tano ndiye atakayelala ofisini.

Kwamba umeme wenyewe ni mchafu, kwa hiyo hakuna faida. Huko kwenye makaa ya mawe mjadala huo una nafasi. Kenya, kama tisa ya kumi ya umeme inatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua, na usiku watu wakilala baadhi ya mvuke huo huachwa upotee kwa kukosa mtumiaji. Ndiyo maana bei yao ya usiku ni nusu. Tanzania tuna bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, pamoja na gesi ya Songo Songo na Mtwara.

Na kwamba haya ni mambo ya matajiri. Nenda Kigali, ambako tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria za petroli haziandikishwi tena. Nenda Nairobi, ukawaone bodaboda wanaingia kwenye kibanda, wanachomoa betri iliyoisha, wanaweka iliyojaa, dakika tatu wameondoka. Huo ni mfumo wa mtungi wa gesi: hungoji mtungi wako ujazwe, unabadilishana. Faida yake, dereva hanunui betri, ambayo ndiyo ghali kuliko yote. Hasara yake, umefungwa kwa kampuni moja na vibanda vyake. Ukivuka mji wasikofika, una baiskeli nzito sana. Anayefikiria kununua pikipiki ya namna hiyo asome mkataba sehemu moja kabla ya zote: betri ni ya nani, na kampuni ikifunga biashara itakuwaje?

Kwa gari la familia swali langu la kwanza huwa ni hilo la kichwa cha habari, na la pili linafanana nalo: linalala wapi? Mwenye uwanja wake, mita yake na safari za mjini, gari la umeme litamfaa kuliko anavyodhani. Mpangaji wa ghorofa ya tatu anayeegesha barabarani, na kila mwisho wa mwezi anakwenda Songea, achukue haibridi bila aibu.

Shemeji yangu ana uwanja. Asubuhi moja alinipigia simu sauti imekauka: gari limekufa, betri imekwisha, halifungui hata milango. Nilimkuta amekaa kizingitini anahesabu hasara ya mamilioni. Chaji ya betri kubwa ilikuwa asilimia 74. Iliyokufa ni ile ndogo ya volti 12, ya kawaida kabisa, ambayo kila gari la umeme bado linayo kwa ajili ya kuamsha kompyuta na swichi za betri kubwa. Bila yenyewe, hizo yuniti zote chini ya viti haziwezi kutoka. Jirani akasogeza IST yake ya petroli, tukaunga nyaya mbili, tukalibusti.

Jirani bado anaisimulia kijiweni.